Terazo Jikoni kwa Secilia

Secilia alivunjika mguu mwezi wa nne mwaka 1998, asubuhi, akitoka kisimani na ndoo kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na njia ya kupanda kwenda nyumbani kwake, pale Mabawe, ilikuwa inateleza kama mlenda. Mfupa ulikatika juu kidogo ya goti. Hospitalini waliuunga vizuri, lakini goti lenyewe lilikataa kukunjika tena. Alitoka na magongo mawili, baadaye likabaki moja, baadaye fimbo. Kutembea alitembea. Kuchuchumaa ndiko kulikomshinda.

Na jiko lake lilikuwa la mafiga matatu, chini, kama majiko yote ya pale kijijini.

Kwa mwaka mzima alipikiwa. Zita, dada wa mumewe, ambaye alikuwa mjane, alihamia kwao kumsaidia. Zita alijua kupika, na hilo ndilo lililomuuma Secilia zaidi: chakula kilikuwa kizuri na hakikuwa chake. Mwanzoni aliweka kiti mlangoni mwa jiko akawa anaelekeza, punguza moto, ongeza maji, mpaka siku moja Zita akamwambia kwa upole, "Wifi, mimi nimeanza kupika nikiwa na miaka saba." Kuanzia hapo Secilia alihamishia kiti chake barazani. Akawa anachambua maharage kwenye ungo, kama mgeni anayepewa kazi ndogo ili asijione mzigo.

Mumewe, Gervasi, alikuwa dereva. Miaka ile ya wakimbizi, malori yalikuwa hayakatiki barabarani, yakibeba mahindi na maharage kutoka stesheni ya Isaka hadi kambi za Ngara, na Gervasi aliendesha moja ya malori hayo. Alikuwa njiani siku nne, nyumbani siku mbili. Kabla ya masika yale, Secilia alimwomba mara tatu achonge ngazi kwenye njia ya kisimani. Kila mara alisema safari ijayo. Baada ya mkewe kuanguka alishika jembe akachonga ngazi ishirini na mbili kwa siku moja, bila kula, akazikaza kwa magogo. Secilia aliziona aliporudi kutoka hospitalini. Hakusema kitu, na Gervasi naye hakusema kitu.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, Gervasi alitangaza kwamba anajenga jiko jipya. La matofali ya kuchoma, lenye dirisha na bomba la moshi. Mafiga yangepandishwa juu ya jukwaa la matofali, na ukutani, kutoka kona hadi kona, kungekuwa na meza ya kujengea, ya kumenyea na kukatia na kupakulia.

"Utapika umesimama," alimwambia mkewe. "Kama kule kwenye nyumba za mashirika mjini. Nimeziona kwa macho yangu nilipopeleka mizigo."

Kuta zilipanda haraka. Uso wa meza ndio ulioleta maneno.

Safari moja Gervasi alirudi na maboksi sita ya marumaru kutoka Kahama, nyeupe, zenye ua dogo la bluu kwenye pembe. Alizitoa moja moja barazani, akazipangusa kwa mkono wa shati, akaziegemeza ukutani zote zitazame upande wa kiti cha Secilia. Uso wake ulikuwa kama wa kijana aliyeleta posa.

"Unazionaje, Mama Priscila?"

"Nzuri," alisema Secilia, na zilikuwa nzuri kweli. Tatizo ni kwamba Gervasi alikuwa anaona jiko la kutazamwa, na yeye alikuwa anaona mahali pa kumenyea ndizi mbichi kila siku ya Mungu. Akaomba, "Niachie tatu nizizoee."

Gervasi alicheka, akamwachia nne, akaondoka na lori lake.

Mara tu lori lilipopotea, Secilia alimwita Zita. Kulikuwa na ubao wa mninga uvunguni mwa kitanda, zawadi aliyopewa Gervasi na Mihayo, rafiki yake Msukuma anayepasua mbao huko Lusahunga, upande wa Biharamulo. Zita akautoa. Kisha akaenda Kabanga, ambako duka lilikuwa linajengwa, akaomba kipande cha sakafu iliyopigwa niru, ule upakaji laini wa saruji tupu. Akarudi nacho kwenye kapu pamoja na saruji kiganja kimoja. Kilichobaki kilikuwa jiwe. Kilima cha nyuma kina mawe mapana, bapa, watu huyaweka mlangoni pa kukanyaga. Zita alilikokota moja hadi barazani huku akiguna.

"Wifi, tunafungua duka?"

"Tunachagua meza. Nipangie kwenye benchi hapa, kiti changu kiwe katikati. Na hizo marumaru uziunganishe kwa hiyo saruji, kama fundi atakavyofanya."

Siku nne Secilia alifanya kazi kwenye benchi lile. Alimenya ndizi juu ya marumaru, juu ya ubao, juu ya saruji na juu ya jiwe, kisha akaacha utomvu ukauke hadi kesho yake. Yeyote aliyekulia kwenye migomba anajua utomvu hauna huruma. Nguo ikishika utomvu wa ndizi ndiyo basi tena. Alikamua limao. Alimwaga mafuta. Alimwambia Zita atoe sufuria ya maharage motoni na kuitua moja kwa moja juu ya kila kimoja, kisha wakagonga kila kimoja kwa mchi, si kwa nguvu, ile nguvu ya kupondea vitunguu saumu.

Mninga ulimpendeza mkononi kuliko vyote. Kisu kiliupenda. Lakini uliunywa utomvu kama mtu mwenye kiu, na siku ya pili ulikuwa mweusi kama sakafu ya gereji, na sufuria ikauachia duara la kuungua ambalo jivu halikulitoa. Jiwe lilivumilia moto, likavumilia limao, ila kila lilipogongwa lilibanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, na Zita alitafuna mchanga kwenye mchicha wake akatema. Niru ilichujuka kwenye limao, ikawa inatoa vumbi. Marumaru ndizo zilizomsumbua Secilia, kwa sababu alitamani zifaulu. Uso wake ulitakata, mara moja tu ukipangusa. Ila pale zilipoungana, kwenye ule mstari wa saruji, utomvu uliingia ukakaa. Wakasugua kwa jivu, kwa majani ya msasa, kwa mchanga, na mstari ukabaki mweusi. Siku ya nne, chini ya sufuria ya moto, marumaru moja ilisema *tik*, ikapasuka katikati ya ua.

Secilia alipitisha kidole juu ya ufa.

"Utamwambiaje?" Zita aliuliza.

"Sijui."

Hakupata nafasi ya kufikiri. Jioni ile ile lori lilisimama barabarani, na Gervasi akashuka akiwa na mtu mwembamba, wa makamo, aliyebeba begi la turubai. Alikuwa Mrundi kutoka kambi ya Lukole, jina lake Ndikuriyo, fundi wa sakafu na kuta aliyefanya kazi Bujumbura miaka kumi na tano kabla ya vita. Mkuu wa kambi alikuwa amempa kibali cha siku kumi na nne cha kutoka, na Gervasi alikuwa amemleta kuja kubandika marumaru.

"Amahoro, mama," alisalimu Ndikuriyo.

Secilia alimjibu kwa Kihangaza cha pale kwao, naye akaendelea kwa Kirundi, kwani lugha hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja na hakuna aliyehitaji mkalimani. Lakini fundi hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikuwa ameliona benchi. Aliinama juu ya vile vipande vinne, akapitisha kidole kwenye ule mstari mweusi, akanusa ubao, akakwaruza niru kwa ukucha.

"Nani amefanya majaribio haya?"

Gervasi alikuwa hajaona. Sasa akaona. Akaiona marumaru iliyopasuka.

"Mimi," alisema Secilia.

"Mama ndiye anayepika hapa?"

"Nilikuwa napika."

Ndikuriyo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jibu la kutosha. Akaenda kwenye jiko jipya, akamwomba Secilia amfuate, akamwambia asimame mbele ya ukuta, aweke uzito kwenye mguu mzima, ashike ndizi isiyokuwepo na kisu kisichokuwepo, amenye. Secilia aliona haya, lakini alimenya hewa. Fundi alisimamisha fimbo kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake, akashuka upana wa kiganja, akaweka alama kwa mkaa. Alama ile ilikuwa chini ya kimo cha nguzo za meza, za matofali, ambazo Gervasi alikuwa amekwisha kuzijenga.

"Hizi zishushwe tofali mbili," alisema Ndikuriyo. "Zilipimwa kwa mtu gani?"

Zilikuwa zimepimwa kwa Gervasi.

"Fundi," Gervasi alisema, sauti yake ikiwa imebadilika, "nimekuleta ubandike marumaru."

"Nitabandika, mzee. Nyumba ni yako. Lakini umeita fundi, na fundi akinyamaza anakuwa kibarua tu. Mama amekwisha kuzijaribu, na kila alichokiona ni kweli. Kuna kitu cha tano hakipo kwenye benchi lake. Terazo."

Akaeleza. Unamwaga slebu ya zege yenye nondo ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, kipande kimoja kisicho na kiungo hata kimoja. Juu yake unaweka saruji iliyojazwa kokoto ngumu, nyingi, zikikaribiana kama mbegu za boga. Ikishakomaa unaisugua kwa jiwe na maji mpaka kokoto zote zikatwe vichwa na uso uwe laini. Unaipaka mafuta. Moto hauipasui. Limao na utomvu vitaigusa, hakudanganya, lakini ukiona doa unasugua tena kidogo, linaondoka na ngozi yake.

"Bujumbura tulitumia kokoto za marumaru halisi na saruji nyeupe," alisema. "Hapa havipo. Ila nimeona njiani mawe meupe ya kwenye kilima, yale magumu yanayong'aa. Yatafaa."

"Na marumaru zangu?" Gervasi aliuliza. Hakumwuliza fundi. Alimwuliza mkewe.

Secilia alijua anaulizwa nini. "Zipande ukutani," alisema. "Juu ya meza. Pale hakuna utomvu wala sufuria, nami nitaziona muda wote nikipika. Pale chini zitakufa, Baba Priscila. Nimezijaribu. Nilitaka zikae."

"Ulisema nzuri."

"Ni nzuri."

Gervasi alitoka nje. Asubuhi yake alitakiwa kurudi Isaka, na kabla ya kupanda kwenye lori alimwambia Zita, si Secilia, "Fanyeni mnavyotaka."

Basi wakafanya. Ndikuriyo alishusha nguzo, akatengeneza boksi la mbao, akapanga nondo. Siku mbili Secilia na Zita walikaa chini ya mparachichi wakivunja mawe meupe kwa nyundo, Secilia akiwa kitini na mguu wake umenyooshwa mbele, gunia juu ya mapaja. Fundi alizipitisha kokoto kwenye chekecheke, akazigawa kubwa na ndogo, akaziosha mara tatu. Secilia alitaka na mawe mekundu machache yachanganywe, akakubaliwa. Siku ya tatu zege likamwagwa. Ndikuriyo alifanya kazi kwa haraka siku hiyo, bila kuzungumza, akishindilia kokoto kwa mwiko mpaka saruji ikabaki kidogo sana juu, kisha akafunika kila kitu kwa magunia mabichi na kuagiza yanyweshewe asubuhi, mchana na jioni.

"Sasa tunangoja," alisema. "Siku nne, tano. Halafu kusugua ndiko kazi yenyewe."

Siku ya tano ya kazi mtendaji wa kijiji alifika na baiskeli. Tangazo lilikuwa limetoka kambini: wakimbizi wote wanahesabiwa upya kwa ajili ya kadi za chakula, na kila aliye nje, mwenye kibali au asiye nacho, awe amerudi ifikapo kesho saa sita mchana. Asiyehesabiwa hatapewa posho, yeye na watu wake.

Ndikuriyo alikuwa na mke na watoto wawili kwenye kadi moja. Hakukuwa na la kujadili. Alifunua gunia pembeni, akabonyeza slebu kwa dole gumba, akafunika.

"Ni changa," alisema. "Nikiisugua leo kokoto zitang'oka kama meno ya mtoto."

"Utarudi lini?" Secilia aliuliza.

"Wakishahesabu, vibali huwa vinafungwa. Mwezi. Miezi mitatu. Sijui, mama." Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akafungua begi lake, akatoa mawe matatu ya kusugulia, meusi, kila moja ukubwa wa mche wa sabuni, la kwanza kali, la pili la wastani, la tatu laini karibu kama kioo. Akayapanga mbele yake. "Haya nilitoka nayo kwetu. Mgongoni nilikuwa na mtoto, mkononi haya. Mke wangu aliniuliza kama nimerukwa na akili. Umewahi kusaga ulezi kwa jiwe?"

"Tangu nikiwa msichana, mpaka mashine ilipokuja."

"Basi kazi hii unaijua. Mikono ni ile ile, tofauti ni kwamba unga unaoutoa unautupa."

Akamfundisha mchana ule, juu ya kile kipande cha niru. Maji kila wakati, jiwe lisikauke. Mizunguko midogo, usibonyeze, uzito wa mkono unatosha. Ukiona vitundu, changanya saruji na maji iwe kama uji mzito, jaza, ngoja siku mbili, endelea. Usiende jiwe la pili kabla la kwanza halijamaliza uso wote. Usiwe na haraka kwenye kona, kwa sababu kona ndizo watu huziacha. Secilia alirudia kila kitu kwa mdomo mpaka fundi akaridhika. Alimlipa ujira wake wote, ingawa alikataa mara mbili, na Zita akamfungia mkungu wa ndizi. Alfajiri akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kubwa.

Gervasi alichelewa safari ile; aliporudi, siku ya nane, alikwenda jikoni moja kwa moja. Magunia yalikuwa yametolewa siku hiyo. Kile kilichokuwa kimelala pale juu ya nguzo kilikuwa kijivu, kina mabonde, kimekwaruzika.

"Hiki ndicho mlichokichagua?"

"Bado hakijasuguliwa," alisema Secilia.

"Ni kama barabara ya Rusumo kabla ya lami. Fundi yuko wapi?"

"Amekwenda kuhesabiwa."

Secilia alikuwa amekwisha kuegemeza fimbo yake ukutani. Alimwagia maji kona ya kushoto, akashika jiwe la kwanza kwa mikono miwili, akaanza.

Kwa saa moja hakuna kilichobadilika ila tope la kijivu lililotiririka sakafuni. Saa ya pili, Zita alipomwagia maji kuosha, palitokea mahali pa ukubwa wa sahani ambapo jiwe jeupe lilikuwa limekatwa sawasawa, na pembeni yake jekundu, na saruji katikati imeshika pande zote. Secilia aliweka kiganja pale. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge na mguu mzima ulikuwa unatetemeka. Alikuwa amesimama jikoni saa mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa zaidi ya mwaka.

Kesho yake alisugua tena. Gervasi alikaa mlangoni, pale pale Secilia alipokuwa akiweka kiti chake zamani, akitazama. Alikuwa na siku moja tu kabla ya safari. Ilipokaribia adhuhuri alisimama, akachukua kopo la maji kutoka kwa dada yake, akawa anamwagia yeye. Baadaye kidogo akasema, "Pumzika. Nipe."

"Usibonyeze."

"Sibonyezi."

"Unabonyeza. Mizunguko midogo."

Alijifunza. Alisugua akiwa ameinama, kwa kuwa meza ilikuwa fupi kwake, na jasho likamdondokea puani. Zita alikuwa ametoka kuchota maji. Gervasi aliendelea kusugua na, bila kuinua kichwa, alisema, "Ile njia ilikuwa kazi ya siku moja."

Secilia alichukua kopo akalimwagia jiwe maji.

"Siku moja tu. Nilikuja kujua nilipoichonga. Nilikuwa nadhani ni kazi ya wiki, ndiyo maana nilikuwa naahirisha. Jioni imekwisha, nikakaa pale kwenye ngazi ya chini. Siku moja, Secilia."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu binti yao Priscila azaliwe.

"Nilikukasirikia," alisema Secilia. "Kule hospitalini nilikukasirikia mpaka usingizi ukaniisha. Halafu niliporudi nikaziona, nikakosa pa kuanzia. Ungesema neno moja ningekutukana, na baada ya hapo tungekula."

"Ningeambulia matusi mangapi?"

"Mengi."

"Nitukane sasa."

Secilia alimtazama. Alikuwa amejaa tope la saruji mpaka kwenye nyusi. "Umeruka kona," alisema. "Hiyo ya dirishani. Rudi."

Gervasi akarudi kwenye kona.

Kazi ilichukua wiki tatu na siku mbili. Jiwe la kwanza lilikula wiki mbili nzima, na vitundu vilijazwa mara mbili. La pili lilikuwa jepesi zaidi. La tatu Secilia hakumpa mtu. Kila Gervasi aliporudi kutoka safari alinawa, akala, akashika zamu yake bila kuambiwa, na siku ya kubandika marumaru ukutani aliletwa fundi wa Kabanga aliyezipanga vizuri, ua la bluu likielekea chini. Mwisho kabisa meza ilipakwa mafuta ya kupikia kwa kitambaa, mara tatu, ikang'aa. Nyeupe na nyekundu zilikuwa zimetawanyika bila mpango, kama mtama uliomwagika. Chakula cha kwanza kilikuwa ndizi na maharage. Chumvi ilizidi kidogo, kwa sababu Secilia alikuwa amesahau kipimo cha mkono wake mwenyewe, na wote walikula mpaka sufuria ikaisha.

Ndikuriyo hakurudi. Vibali vilikuwa vimefungwa kama alivyosema. Mwezi wa kumi Secilia aliyafunga yale mawe matatu kwenye kanga, akapanda gari la wafanyabiashara wa ndizi hadi soko la Lukole, akauliza kwa watu mpaka akaonyeshwa nyumba ya fundi: kuta za udongo, paa la turubai, na mlangoni mwanamke kijana anageuza ugali wa njano kwenye mafiga matatu, amechuchumaa, mtoto kamlalia mgongoni. Huyo alikuwa Nkeshimana, mke wa Ndikuriyo. Fundi alitoka nyuma ya nyumba akifuta mikono.

"Umeyaleta," alisema. Aliyashika moja moja, akaona jinsi la kwanza lilivyopungua, akashika mikono ya Secilia akaigeuza juu akaisoma pia. "Umemaliza kona?"

"Zote. Ila kuna ufa. Mwembamba, kama unywele, karibu na jukwaa la moto."

"Unashika ukucha?"

"Haushiki."

"Basi ni saruji inajinyoosha. Uache."

Alimwuliza rangi zilivyotokea, kama kokoto zilikaa mbali mbali au karibu, kama mwanga wa dirisha unaiangukia meza kwa mbele au kwa ubavu. Secilia alimweleza kila alichoweza. Fundi alikuwa ametengeneza kitu na hakukiona kikikamilika, na pengine asingekiona; alisikiliza kama mtu anayeletewa habari za ndugu aliye mbali. Nkeshimana alipakua ugali, akamletea mgeni kwenye kigoda, kisha akakaa karibu yake.

"Mama, ukipika umesimama unaona nini?"

Secilia alifikiri. "Namwona mbuzi wa jirani akila migomba yangu. Zamani nilikuwa namsikia tu."

Nkeshimana alicheka mpaka mtoto akaamka.

Wakati wa kuondoka, Ndikuriyo alimrudishia jiwe la tatu, lile laini, akisema terazo hutaka kusuguliwa upya kila baada ya mwaka au miwili, na kambini hakuna terazo. Haya mawili yangemtosha. Baada ya miaka michache yeye na familia yake walirudi Burundi pamoja na wenzao. Gervasi aliziona gari zilizowabeba zikipita Kabanga, lakini zilikuwa nyingi na hakumtambua mtu.

Zita aliolewa tena mwaka 2001, na mwalimu mmoja wa Mbuba mwenye nyumba kubwa na jiko baya. Jambo la kwanza alilomwambia mumewe ni kwamba wifi yake anakuja na jiwe. Secilia alikaa kule wiki nne; mawe makali ya kuanzia Gervasi aliyanunua Kahama. Walibishana siku nzima kuhusu kokoto, kwani Zita alitaka nyekundu tupu. Secilia alimwambia nyekundu tupu inaficha uchafu. Zita akasema ndiyo maana anaitaka.